Twiga Aliyeikadiria Nyumba ya Fuko

Wanyama walipoanza kutozana kodi za nyumba, kazi ya kukadiria alipewa Twiga, kwa kuwa anaona mbali. Akasimama barabarani, akatazama kwa Fuko, akaona mafungu saba ya udongo.

"Vyumba saba," akasema. "Kodi, vikapu saba vya mizizi."

Fuko akashtuka. Chumba chake kilikuwa kimoja tu. Ule udongo ni kifusi alichokitoa akikichimba. Akilipa vikapu saba, watoto watalala njaa. Akamwendea Twiga kulalamika.

"Kipofu wewe, unibishie mimi ninayeona hadi ng'ambo ya pori?" Twiga akamcheka.

Fuko hakurudi nyumbani. Alishika njia hadi kwa Mzee Kiboko, mwamuzi wa rufaa, akaketi ukingoni mwa bwawa, akagoma kuondoka mpaka mzee akatoka majini kwenda kujionea.

Walipofika kwa Fuko, Twiga naye akaitwa. Fuko akasema, "Bwana Twiga, karibu ndani utuhesabie hivyo vyumba."

Twiga hakutaka kuaibika mbele ya mzee. Akatanua miguu, akainama, akasukuma kichwa shimoni. Udongo ukamjaa puani. Akainuka akipiga chafya, hasira zimempanda.

"Hiki kitundu ndicho nyumba? Hata pua yangu haienei!"

"Mzee, umesikia," Fuko akasema. "Sasa ndipo amekadiria."

Kiboko akacheka hadi machozi, akaamuru kikapu kimoja.

Nawe unayepimiwa nyumba na mtu aliyesimama barabarani, usilipe kabla hajainama.