Chembe Isiyotaka Kuondoka

Kwa nini chembe ile bado ilikuwa imetulia, ilhali kebo ya paneli ilikuwa imechomoka na kulala sakafuni?

Hilo ndilo mwanafunzi alilojiuliza, huku wageni wawili waliotumwa na chuo wakiinamia skrini ya hadubini. Uamuzi ulikuwa mikononi mwao: maabara iendelee, au igeuzwe stoo.

Paneli hiyo ya fuwele za kimiminika, kiwambo kidogo cha kuonyeshea picha, alikuwa ameichopoa katika projekta kuukuu. Picha inayoletwa na kebo na kuchorwa juu yake huufinyanga mwanga wa leza hata ukawa kibano, ukashika chembe ya plastiki isiyoonekana kwa macho. Bila picha hakuna kibano, na chembe huchukuliwa na maji.

"Ama kweli mwanga una vidole! Binti, wewe si mchawi?" mgeni mmoja alitania.

"Mchawi wetu huyo," Profesa wake alicheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu.

Kwa kidole chenye jasho, mwanafunzi alikisogeza kioo cha sampuli. Chembe ikasogea nacho, sambamba na mkwaruzo wa kioo uliokuwa kando yake. Kama ingeshikwa na mwanga, ingebaki palepale. Ilikuwa imegandia kioo. Pengine zote alizowahi kuzipima zilikuwa zimegandia.

Profesa naye akaiona kebo. Macho yao yalipokutana, alitikisa kichwa taratibu, akimsihi anyamaze.

Mwanafunzi aliinama, akaiokota kebo.

"Samahani, waheshimiwa," aliwaambia wageni. "Mwanga haujashika chochote. Chembe imegandia kioo, na majaribio yangu yote nitayaanza upya."