Presha ya Mzee Obuya

Mia moja tisini na mbili kwa mia moja na kumi. Waithera aliifungua mashine, akaifunga upya kwenye mkono wa Mzee Obuya, akapima tena. Ikapanda zaidi.

"Mzee, hizi dawa unameza kweli?"

"Kila siku, daktari. Hakuna siku nimeruka."

Miezi mitatu sasa anazinunua hapa hapa, kwenye kemisti ya Waithera pale Dagoretti Corner, na presha bado inapanda kama bei ya unga! Akianguka na kiharusi je? Waithera alitazama rafu zake, nusu tupu tangu kemisti kubwa ifunguliwe ng'ambo ya barabara. Lile wazo lililomnyima usingizi wiki nzima likamrudia: labda yule msambazaji wa bei ya chini alimletea chaki badala ya dawa, naye akamuuzia mzee wa watu.

"Nikatie katikati kama kawaida," mzee akasema. "Koo yangu siku hizi imekuwa ndogo."

Akavikata vidonge kimoja kimoja. Simu ikalia. Waithera akapokea: mama yake, anamsalimia tu.

"Mama, na dawa zako za presha?"

"Si kliniki wananipa? We pambana kemisti yako isifungwe. Mambo yangu wachana nayo."

Mzee Obuya alikuwa ameinama, anatazama viatu vyake. Akapokea kibahasha chake, akatoka upesi upesi. Haraka ya nini, mtu wa presha? Waithera akashindwa kuvumilia. Akafunga mlango, akamfuata.

Mzee hakwenda nyumbani. Aliingia kliniki ya serikali, nyuma ya soko. Kwenye dirisha la dawa palikuwa na karatasi: DAWA ZA PRESHA HAKUNA. Ilikuwa imekaa hapo mpaka jua limeigeuza manjano.

Mzee akaketi kwenye benchi, kando ya mwanamke aliyejitanda shali, amewapa mgongo watu wote. Akafungua kibahasha. Nusu akameza yeye, nusu akamtilia mwenzake kiganjani.

Ala! Kumbe si chaki, mzee anagawa! Roho ikamtulia Waithera kwa mara ya kwanza wiki nzima, kisha hasira zikampanda. Akasogea awakaripie wote wawili.

"Asante, Obuya," mwanamke akasema. "Lakini chunga sana, huyu Waithera wangu asijue."