Udongo wa Fidelis

Koku alikuwa anahariri video ya mazishi, mara mtoto wa marehemu akapiga simu kutoka ughaibuni.

“Dada Koku, hebu niangalizie. Kuna mtu alinitupia udongo kaburini kwa niaba yangu? Kama hakuna, basi mama kaenda na kinyongo.”

Koku ndiye aliyerekodi siku ile. Jina la kaka huyo, Fidelis, lilipoitwa pale kaburini ili atupe udongo, watu walitazamana tu, hakuna aliyesogea.

“Subiri kidogo, kaka,” akasema, huku akitafuta uongo wa kumfariji.

Akairudisha video nyuma. Jina likaitwa, watu wakatazamana. Halafu mkono mwembamba wa kizee ukachomoza kutoka ndani ya kaburi, ukachota udongo ukingoni, ukaudondosha chini taratibu.

“Dada, nani alinitupia?”

Koku akaisogelea skrini. Mkono ulikuwa bado uko juu, kiganja wazi, kama unasubiri jina lingine liitwe.