Wimbo wa Getini

Mguu wa pili haujavuka geti, wimbo ukalipuka.

"Mama huyo! Mama kaja!" alianzisha fundi mwashi mzee, na vibarua wakapokea kwa nguvu, makoleo yakichota mchanga. Msimamizi wa mradi alisimama kidogo, machozi yakamlengalenga. Tangu afiwe na mumewe, hakuna aliyefurahia ujio wake namna ile.

Alikuwa bado kwenye majaribio. Bosi mkuu alishamwambia wazi kwamba atakuja mwenyewe kupima hali ya watu kazini, na akikuta wamenuna, mama atarudi stoo kugawa misumari. Basi kila asubuhi na kila alasiri alitoka ofisini ng'ambo ya barabara, akapita getini, akawapima. Kila mara aliimbiwa. Kibarua mmoja alikuwa na alama za gunia shavuni. Msimamizi akampa pole kwa mizigo mizito.

Siku moja alimuuliza fundi kama hata msimamizi aliyemtangulia walikuwa wakimwimbia.

"Yule? Thubutu," fundi alisema. "Yule alikuwa anatokea popote kama panya. Wewe mama yetu una heshima zako, unapita getini."

Maneno hayo yalimshuka moyoni kama asali. Akamshukuru Mungu.

Bosi alipofika ofisini, kwanza aliuliza mbona picha za ukuta unaojengwa, za mwezi jana na za mwezi huu, ni pacha. Msimamizi alimjibu kwa upole kwamba haraka haraka haina baraka. Ukuta ni matofali tu, watu wakiwa na raha utapanda wenyewe.

"Twende ukawasikie, baba," alisema. "Mimi sisemi kitu. Masikio yako ndiyo yatakayokwambia."

Wakavuka barabara. Lahaula, lori la mchanga lilikuwa limekwama katikati ya geti, hapapiti hata paka. Msimamizi hakukata tamaa. Alijifunga kanga vizuri, akamwongoza bosi wakazunguka nyuma, wakapenya kwenye pengo la uzio wa mabati.

Kimya.

Kivulini mwa ukuta vibarua walikuwa wamejipanga juu ya magunia, mmoja kajikunja ndani ya toroli, mdomo wazi. Fundi mzee peke yake ndiye aliyekuwa macho. Alikuwa amekalia ndoo, kawapa mgongo, kalikodolea geti la mbele bila kupepesa, wimbo uko tayari mdomoni.