Kuzimwa Bila Taarifa

Mkurugenzi alichomoa waya wa kompyuta ya pili kwa mkono wake mwenyewe, akabaki ameushika kama mtu aliyeua nyoka.

"Haya. Nani amekufa?"

Hakuna aliyekufa. Chumba cha simu za dharura kiliendelea na kazi. Kompyuta ya kwanza ilibeba mzigo wa mwenzake, ujumbe wa mama aliyeshikwa na uchungu ukafika kituo cha tatu, dereva akabonyeza kitufe cha kupokea, gari la wagonjwa likatoka.

Mama Waya, fundi wa mitambo, alimweleza kwa upole kwamba ndivyo alivyoipanga. Ujumbe unatumwa na kurudiwa mpaka kituo kijibu kuwa umepokelewa. Mashine moja ikilala, nyingine inaamka. Mkurugenzi akamjibu kwamba kama moja inatosha, basi ya pili inakula umeme wa bure, na kwamba si hiyo peke yake inayokula vya bure humu ndani.

Alikuwa na miezi miwili kazini. Kiti alikipata kwa mjomba wake, mwenyekiti wa bodi. Akili, kwa maneno yake mwenyewe, alizaliwa nazo. Madereva aliwaita usukani wenye miguu. Wapokea simu aliwaita kasuku. Fundi, mwanamke wa miaka hamsini na ushee aliyejifunza umeme kwa kufungua redio mbovu za majirani, hakumpa hata jina. Alimpigia mluzi.

Wiki hiyo akatoa waraka. Kila sehemu ya mtandao iwekwe kwenye jaribio: izimwe wiki nne, mhusika asiambiwe. Ikiwa kazi haitayumba, sehemu hiyo ifutwe, bila huruma.

"Utaanza na ipi, shauri yako," akamwambia fundi huku akitia saini. "Ila bodi inakaa mwisho wa mwezi, na nikishafuta mashine nitafuta na mafundi. Wewe ndiye wa kwanza."

Mama Waya akaisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaondoka nayo.

Jikoni kwake, wifi yake, mmoja wa wale kasuku, aliisogeza sahani kando. Miaka kumi na tisa mtambo ule umelelewa na mikono ile ile.

"Wifi, ukifukuzwa wewe, siku ujumbe ukipotea mgonjwa atamlilia nani?"

"Nimeshachagua cha kuzima," alisema Mama Waya. "Kula, wifi."

Mkurugenzi aliufurahia mwezi ule. Asubuhi na jioni alituma maagizo kwenye vituo vyote saba: madereva wasinywe chai garini, magari yasipite daraja la zamani, kila zamu ianze kwa kusomewa waraka wake, wote wakiwa wamesimama. Kabla hajainua kidole, majibu saba yalikuwa yamejipanga kwenye skrini. Umepokelewa. Umepokelewa. Hata kituo cha sita, ambacho kasuku walidai laini yake imekatwa na tingatinga na wanakiita kwa redio ya mkono, kilimjibu papo hapo. Aliwacheka mbele za watu. Wavivu hawakosi kisingizio.

Siku moja, dirishani, aliona gari la wagonjwa likikata kona kuelekea daraja la zamani. Akaandika karipio kali. Umepokelewa, mara saba. Akaridhika, akaagiza chai.

Alimsimulia mjomba wake kwamba watu wamenyooka. Zamani vituo vilimpigia simu kutwa kuuliza hili na lile. Siku hizi kimya. Mjomba akakiri kwamba hata yeye ameona tofauti: wagonjwa wanafikiwa mapema kuliko mwezi uliopita.

Siku ya bodi, mkurugenzi alimwonyesha fundi kiti cha karibu na mlango, ili asipate taabu ya kutoka. Kisha akasimama. Alisema wiki nne zimepita, pengo la sehemu iliyozimwa halijaonekana, kwa hiyo ifutwe leo leo, wao wapitishe tu. Alipoulizwa ni sehemu gani, alipunga mkono. Mambo ya vyuma alimwachia mwenye vyuma.

"Unasimamia hilo, hata iwe ipi?" mjomba wake akauliza.

"Mjomba, kitu kinazimwa mwezi mzima na hakuna anayeshtuka. Hicho si kitu, ni takataka."

Wajumbe wakainua mikono, wote, ikapita.

Mwenyekiti akavaa miwani, akafungua ripoti ya fundi, akaisoma kwa sauti ambayo ilizidi kupungua. Sehemu iliyozimwa: meza ya mkurugenzi. Maagizo aliyotuma: mia moja na tisa, yote yakajibiwa na mashine. Yaliyofika kituoni: hakuna. Hasara: hakuna.