Ngumi Nusu

Daktari alimwambia Bi Msimu akunje ngumi, kisha aifungue nusu tu.

“Moyo wa Riziki uko hivyo, mama. Protini za misuli yake zinakaza kwa nguvu, ila hazilegei sawasawa. Damu inakosa nafasi ya kuingia, ndiyo maana anahema.”

Bi Msimu aliitazama ngumi yake. Kila mara binti yake alipouweka mchi chini apumue, yeye alimfokea mbele ya majirani: “Mvivu we! Mtama utajitwanga?”

Kitandani, Riziki alifumbua macho. “Usikasirike, mama. Nikitoka hapa nitautwanga wote.”

Bi Msimu alitaka kumwambia mtama upotelee mbali. Akanyoosha mkono ampapase, vidole vikiwa bado vimekunjwa nusu. Riziki, kwa mazoea, akajikinga uso.