Ovaroli ya Shomari

Wakili wa kiwanda cha dawa za kuua wadudu alimwuliza Bi Mashavu, "Mama, hukufanya kazi kwetu hata siku moja. Sumu yetu ilikufikiaje mapafuni?"

"Ililetwa nyumbani na marehemu mume wangu, Shomari. Kila jioni nilikung'uta ovaroli yake, ndipo nikaifua."

"Basi tuonyeshe hilo vumbi."

Bi Mashavu, pumzi zikimkata, alitoa mfuko wa plastiki uliofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na ovaroli ya mwisho ya Shomari, ambayo hakuifua tena baada ya mazishi. Akaanza kulegeza fundo. Kesi yake yote ilikuwa humo. Mara macho yake yakatua kwa karani wa mahakama, binti mwenye mimba kubwa, aliyeketi hatua chache tu kutoka pale. Akalikaza fundo upya.

"Sifungui, Mheshimiwa. Kama ni kushindwa, na nishindwe."

Hakimu akamgeukia wakili.

"Niletee mfuko huo."

Wakili aliusogelea, lakini alipoufikia akaificha mikono yake nyuma ya mgongo.